Sura ya Nne: Majina ya Waliomo Pichani

Bendera zote za bonde la Hovdedal zilikuwa nusu mlingoti Inspekta Oddny Rustad alipofika kesho yake ya mkutano wa Chama cha Historia, mchana ukikaribia, na hilo halikumshangaza. Huko kila nyumba ina mlingoti wake uani, na mtu akifa habari hukimbia kuliko gari la polisi. Alihesabu hilo kuwa heshima ya kawaida kwa marehemu, akakata kona kuelekea kwa Tarjei Kvamme.

Tarjei alikuwa daktari wa meno. Maisha yake yote ya kazi alichungulia vinywa vya watu wa bonde hilo, na alipostaafu akaanza kuchungulia koo zao, jambo ambalo wengi waliona linauma zaidi na halina ganzi. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa. Aliandika historia kama wengine wanavyovua samaki au kufuga nyuki, na kila mwaka, kabla ya Krismasi, Chama cha Historia kilitoa kitabu chembamba chenye makala zake, na kila nyumba ilinunua nakala kuhakikisha haijatajwa vibaya.

Sasa alikuwa amelala chali chini ya ngazi ya mawe ya ghala alimowekea makaratasi yake. Ghala lilikuwa la kale, la magogo, juu ya nguzo fupi, na ngazi yake haikugusana nalo. Kati ya jiwe la juu na kizingiti waliojenga waliacha pengo la hatua moja ili panya wasivuke. Mgeni angeweza kusahau pengo lile. Tarjei alikuwa akiliruka kila siku ya Mungu.

"Kaanguka kinyumenyume," daktari wa polisi alisema. "Kisogo kimepiga jiwe la chini."

"Saa ngapi?"

"Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Shika koti."

Oddny alishika. Koti la sufu lilikuwa limelowa chepechepe, na ndani ya mkunjo wa kola bado palikuwa na chembe za barafu. Usiku uliopita ulikuwa wa kwanza wa baridi kali.

"Amelala hapa tangu jana," Oddny alisema.

"Ndivyo koti linavyosema. Lakini jirani aliyemkuta asubuhi anaapa kwamba mkono wake ulikuwa na joto."

"Basi mmoja anadanganya. Koti au jirani."

"Ningekuwa wewe nisingelitia koti pingu. Ngoja nimpeleke nikamtazame vizuri, nitakupigia."

Oddny alipanda ngazi, akaruka pengo. Mlango wa ghala ulikuwa umefungwa kwa kitasa cha mbao, kwa nje. Taa ya ndani ilikuwa imezimwa. Mtu anayeanguka kinyumenyume hazimi taa kwanza, wala harudi juu kufunga mlango.

Mezani pa Tarjei, ndani ya nyumba, palikuwa na makala ya kitabu cha mwaka, imekamilika, na nafasi iliyoachwa wazi katikati ya ukurasa. Chini yake paliandikwa: "Mbele ya duka, Mei 1945." Picha yenyewe haikuwapo.

*

Ansgar Lia, jirani wa upande wa chini, hakuwahi kuoa wala kuhama, na jikoni kwake palinuka kahawa na mbwa mzee. Alimvutia Oddny kiti kwa mguu.

"Kaa, binti yangu. Kahawa jimiminie mwenyewe."

"Ulimkuta saa ngapi, mzee?"

"Saa tatu. Redio ilikuwa inaanza habari nilipovaa viatu."

"Ulikuwa unakwenda kufanya nini?"

"Kumuuliza jambo. Tarjei anajua kila kitu cha bonde hili." Aligeuza kikombe mezani. "Alikuwa anajua."

Oddny hakuuliza ni jambo gani. Wazee wa chama kile walikuwa wakiulizana mambo kutwa, nani alijenga kinu, nani alizaa na nani, na yeye alikuwa na haraka. Alirukia palipomwasha.

"Unasema mkono ulikuwa na joto."

"Kidogo. Hasa kwapani, nilipojaribu kumwinua. Nikadhani kaanguka sasa hivi, nikamwita, nikampigapiga mashavu. Nikachelewa kukimbilia simu kwa ajili ya kumpigapiga mashavu." Alifuta pua kwa mkono wa sweta. "Hilo uliandike. Nilichelewa."

"Jana mlikuwa na mkutano."

"Ee. Shuleni, ile shule ya zamani. Mara moja kwa mwezi. Tunaletewa picha za kale, tunakunywa kahawa, tunakula keki, tunataja majina ya waliomo pichani. Huyu babu wa fulani, huyu ng'ombe wa fulani. Tunagombana, tunacheka. Jana Tarjei kaweka picha ya Aslaug."

"Aslaug ni nani?"

Ansgar alitazama dirishani, kama mtu anayengoja mwingine amjibie.

"Msichana wa hapa. Wakati wa vita alikuwa na mpenzi Mjerumani. Vita vilipokwisha wakamkalisha kwenye kiti mbele ya duka, wakamnyoa. Bonde zima lilikuja kutazama. Kesho yake akaenda Sweden, hajarudi. Tarjei kamtafuta mpaka kampata. Yu hai."

"Na mkutano ulisemaje?"

"Mkutano haukusema kitu. Tarjei kauliza, 'Mwenye mkasi ni nani?' Kimya. Kahawa inapoa. Gudveig, anayetupikia keki, kaanza kuosha vikombe watu hawajamaliza kunywa, changu kakitoa mkononi kabisa! Sigbjørn kasimama, kafoka kwamba picha hiyo haitachapwa kitabuni labda yeye awe amekufa."

"Sigbjørn ni nani?"

"Mwenyekiti wetu. Tena usiku gari lake lilipanda kwa Tarjei. Usiniulize nimejuaje. Gari lile linakohoa, bonde zima linalijua."

"Na wewe, mzee? Umo pichani?"

"Nimo," Ansgar alisema. "Nimekaa juu ya pipa, nakula peremende."

*

Sigbjørn Dale, meneja mstaafu wa kiwanda cha maziwa, alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe na makarani. Alimpokea Oddny mlangoni na hakumkaribisha ndani.

"Baada ya mkutano nilikuja moja kwa moja nyumbani. Muulize mke wangu."

"Gari lako lilipanda kwa Tarjei."

"Nani kasema?"

"Gari lenyewe, Bwana Dale. Nasikia linakohoa."

Mwenyekiti alikohoa pia. Kijasho kilimtoka juu ya mdomo.

"Picha iko wapi?" Oddny aliuliza. "Umeichoma?"

Uso wote wa Sigbjørn ulibadilika, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu aliyetukanwa kweli. "Kuchoma! Inspekta, mimi ni mwenyekiti wa Chama cha Historia!"

Alishuka naye mpaka chumba cha chini. Akafungua friza, akainua mafurushi ya nyama ya mawindo, na chini kabisa akatoa bahasha iliyofungwa kwa plastiki mara mbili, isipate unyevu. Alimkabidhi kwa mikono miwili.

Oddny aliitazama chini ya balbu. Alikuwa ameona picha nyingi mbaya katika kazi yake, lakini hii ilikuwa mbaya kwa namna nyingine, kwa sababu watu wote walikuwa na furaha. Watoto walishika vibendera vya karatasi. Wanawake walivaa nguo za kanisani. Katikati, kwenye kiti cha jikoni, alikaa msichana mwenye nusu ya nywele zake, anatazama kamera, na nyuma yake alisimama mwenye mkasi, mgongo kwa mpiga picha. Alichoonyesha ni msuko mnene wa nywele uliomfika kiunoni.

"Yule wa mbele, anayecheka mdomo wazi, ni mama," Sigbjørn alisema kwa sauti ndogo. "Alikuwa mama mzuri. Sina neno baya juu yake, hata moja. Jana nimemuona anacheka vile, sikuweza kula." Alinyoosha kidole kinene. "Na huyu ni mimi. Nilikuwa na miaka minne. Huyu mwenye bendera."

"Mwenye mkasi?"

"Sijui. Naapa. Nyumbani kwetu siku ile haikutajwa."

"Ulimwacha Tarjei katika hali gani?"

"Mzima! Alikuwa anachemsha kahawa. Nikamwomba, nikamwambia mama ana wajukuu. Akasema yeye haandiki jina la mtu yeyote kwenye picha ile, kila mtu atajitaja mwenyewe au nafasi yake ibaki tupu. Aslaug ndivyo alivyomwomba. Alipogeuka kutafuta sukari nikaichukua picha." Sigbjørn alifunga friza polepole. "Umri huu, naiba mezani kwa mtu kama kitoto. Halafu akanifukuza. Alikuwa na haraka."

"Haraka ya nini?"

"Alikuwa anangojea mtu. Kafurahi kweli. Akaniambia, 'Leo jina la mwenye mkasi linakuja lenyewe, kwa miguu.'"

*

Simu ya gari ilianza kulia kabla Oddny hajafunga mkanda. Ilikuwa ni daktari.

"Koti na jirani wote wamesema kweli," alisema. "Alilala pale usiku kucha, na amekufa asubuhi. Huenda muda mfupi tu kabla hajapatikana."

Oddny aliachia mkanda. "Mtu angepiga simu usiku uleule, Tarjei angepona?"

"Usiniulize hilo, Oddny."

"Nakuuliza."

"Pengine. Ndiyo, pengine. Alikuwa mzee mgumu."

Aliendesha taratibu kurudi juu. Mtu aliyekuja kwa miguu usiku wa baridi ile hakutoka mbali. Nyumba zilizo karibu na kwa Tarjei ni mbili tu: kwa Ansgar chini, na kwa Gudveig Mæland ng'ambo ya ua wa mawe. Gudveig alikuwa mjane aliyewapikia chama keki na kahawa tangu kianzishwe. Ansgar ndiye aliyemkuta maiti, ndiye aliyechelewa kupiga simu, ndiye aliyemwelekeza kwa Sigbjørn upesi. Mara nyingi anayeonyesha njia ndiye anayetaka uende mbali. Na kulikuwa na swali ambalo Oddny mwenyewe, kwa haraka zake, aliliruka. Alijilaumu kwa hilo njia nzima, maana ndilo swali la kwanza wanalofundishwa kazini.

Ansgar alikuwa bado amekaa palepale, kikombe kilekile mbele yake.

"Mzee," Oddny alisema, akiwa amesimama, "asubuhi ulikwenda kumuuliza Tarjei jambo. Jambo gani?"

"Aah, la kijinga."

"Niambie la kijinga."

"Halina maana sasa."

"Mzee Ansgar. Mtu amekufa, wewe ndiye uliyemgusa wa kwanza, na nakuuliza mara ya pili. Ulikuwa unatafuta nini kwake?"

Ansgar alikunja uso, ameudhika. "Nilitaka kumuuliza nani amekufa! Umeridhika? Nakunywa kahawa yangu pale dirishani, saa mbili, naona bendera ya Gudveig inapanda mpaka juu kisha inashuka nusu, vile inavyotakiwa. Nikasema, loo, nani tena katutoka? Nikangojangoja, redio haisemi kitu. Nikasema nitamuuliza Tarjei, yeye huwa anajua kabla ya kasisi. Nikavaa viatu..."

Macho yake yalitoka kwa Oddny yakaenda dirishani, ng'ambo ya ua wa mawe, ambako bendera ya Gudveig ilining'inia nusu mlingoti kama za watu wote.

"Kabla hujamkuta," Oddny alisema.

"Sikusema kitu," Ansgar alinong'ona. "Binti yangu, mimi sijasema kitu. Tumekuwa majirani maisha yetu yote. Ananipikia keki ya siku ya kuzaliwa."

*

Gudveig alikuwa ameandaa meza. Vikombe viwili, mkate, jibini ya kahawia. Nywele zake nyeupe zilikuwa fupi kama za mvulana.

"Nilijua utakuja, mwanangu. Polisi lazima wapite kwa majirani. Nawa mikono ukae."

Oddny aliweka picha juu ya kitambaa cha meza, kati ya vikombe.

Gudveig hakuitazama. Aliendelea kukata jibini, vipande vyembamba, vingi kuliko watu wawili wanavyoweza kula.

"Bendera yako ilipanda saa mbili," Oddny alisema. "Tarjei amepatikana saa tatu. Wewe ulimwombolezea nani, mama?"

Kisu kilisimama.

"Jirani akifa, bendera hupandishwa," Gudveig alisema. "Ningewezaje kuacha? Ningewezaje kukaa hapa, mlingoti mtupu, na yeye amelala pale? Nilikuwa sijalala. Ilipofika saa mbili mikono ikaenda yenyewe."

"Basi niambie yaliyobaki."

"Umeshaiona." Alisukuma kidevu kuelekea picha. "Mwenye msuko ni mimi. Tulikuwa tunakaa dawati moja, mimi na Aslaug. Wakaniita mbele ya watu, wakasema, Gudveig, wewe ni rafiki yake, onyesha uko upande gani. Wakanipa mkasi. Nikaonyesha." Alipitisha kiganja juu ya kichwa chake. "Usiku ule nikakata zangu. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Bonde zima liliona, na hakuna aliyeniuliza mpaka leo. Nimewapikia keki miaka yote hii nikingoja mmoja aniulize."

"Tarjei aliuliza."

"Tarjei alikuwa anajua. Aslaug kamwambia zamani. Jana nilikwenda kumsihi. Akanipokea kule ghalani, mpole, unajua alivyokuwa, sauti ileile ya 'fungua mdomo, haitauma'. Kaniambia Aslaug hana kinyongo. Anachotaka ni kimoja, niandike jina langu mwenyewe, kwa mkono wangu, chini ya picha. Kesho kitabu kinakwenda mtamboni. Tukawa tunatoka kwenda nyumbani kwake iliko picha, yeye mbele, akageuka palepale kizingitini, akaninyooshea kalamu."

"Ukamsukuma."

"Nikausukuma mkono! Mkono tu, wenye kalamu. Akarudi nyuma. Mguu ukaingia pengoni." Alifumba macho. "Ngazi aliyoipanda kila siku. Alikuwa ananitazama mimi, hakutazama mguu."

"Halafu?"

"Nikazima taa. Nikafunga mlango."

"Kwa nini?"

"Panya," Gudveig alisema, na hapo akaanza kulia. "Makaratasi yake yote yamo mle. Nilifikiria panya, mwanangu. Nimempita yeye pale chini, nikaenda zangu, na kichwani mwangu nafikiria panya wasiingie."

Oddny aliacha alie. Hakugusa mkate. Nje mwanga ulikuwa unapungua, na katika nyumba za ng'ambo ya bonde watu walianza kutoka nyuani kushusha bendera zao kabla jua halijazama, kama ipasavyo.

Gudveig aliona pia. Alifuta uso kwa aproni na kuinuka. "Lazima ishuke. Haikai nje usiku."

Walitoka pamoja. Gudveig alifungua kamba kwa vidole vilivyozoea, akaanza kuivuta bendera juu kwanza, mpaka kileleni, ndipo ishuke. Hata wakati ule hakukosea taratibu.

"Alikufa palepale," alisema bila kugeuka. "Sivyo? Nilijiambia amekufa palepale. Nilipokuwa uani nilisikia kama ananiita jina, nikasema ni upepo. Ulikuwa upepo. Nilipoipandisha hii asubuhi alikuwa amekwisha kufa zamani."

Oddny angeweza kusema ndiyo. Kesi isingeharibika. Lakini daktari angeandika, na wakili angesoma, na mwanamke huyu angelisikia neno hilo mahakamani mbele ya watu, bonde zima limekaa linatazama, tena.

"Hapana, mama," alisema. "Ilipopanda, alikuwa bado yu hai."

Alijuta neno lilipomtoka. Mikono ya Gudveig iliacha kamba. Bendera ilishuka yote kwa pamoja na kuanguka kwenye majani yaliyolowa, kitu ambacho hakuna mtu wa Hovdedal aliyewahi kukiacha kitokee uani kwake, na Gudveig aliitazama pale chini bila kuinama.

"Una kalamu?" aliuliza baadaye.

Oddny alimpa. Gudveig alirudi jikoni polepole, akishika ukuta, na kupitia dirishani Oddny alimwona amekaa mezani, ameivuta picha karibu, ameinama.

Aliokota bendera. Alijaribu kuikunja peke yake, ikamponyoka, akajaribu tena. Ni kazi ya watu wawili, mmoja kila upande. Mwishowe aliikumbatia ilivyo, ikiwa imelowa, akangoja mlangoni mpaka Gudveig amalize kuandika.